Baraza Ambalo China Haikuwa Nalo

Siku ya kwanza kazini, Levi mwenye duka aliniambia, "Yangi, wewe chapa tu. Usisome. Ukisoma utachelewa." Nilimwitikia vizuri, na tangu siku hiyo nasoma kila kitu.

Si ubishi. Nina darasa la saba tu, nalo nililimalizia katika kambi ya wakimbizi Uganda, na mtu wa darasa la saba asipoelewa sentensi ataikosea. Duka letu la kuchapa na kutoa fotokopi liko Atlabara, mtaa mmoja wa Juba, karibu na chuo kikuu, kwa hiyo yanayopita mikononi mwangu ni maandishi ya wasomi: magonjwa ya ng'ombe, sheria za ardhi, maji ya visima. Nimejua mengi ambayo sina wa kumwambia.

Mwaka huu, mwezi wa pili, zililetwa kazi mbili katika wiki moja.

Ya kwanza ilikuwa ya Madam Kerubo, Mkenya anayefundisha historia katika sekondari moja hapa mjini, na huku anasomea digrii ya pili kwa mtandao. Yeye huandika kwa mkono, kalamu ya buluu, herufi zimelala kama nyasi zilizopigwa na mvua. Alileta kurasa arobaini na mbili kuhusu Japani ya zamani sana, jinsi mambo ya kigeni yalivyoiumba dini yao na serikali yao.

Levi akacheka. "Madam, wewe mtu wa Kisii, uko Juba, unaandika Japani?"

"Na wewe mtu wa Kakamega, uko Juba, unauza karatasi. Kuna mtu amekuuliza?"

Ya pili ililetwa na Romano, katibu wa kanisa letu la Sherikat. Nami ninasali hapo, kwa hiyo namwita Uncle. Alinipa flashi.

"Hii ndiyo katiba ya kanisa," alisema. "Ni ile yetu ya kambini, iko tayari kabisa. Wewe badilisha majina tu. Pale iko Uganda weka South Sudan. Pale iko Arua weka Juba. Pale iko jina la kambi weka Sherikat. Si kompyuta inajua kubadilisha peke yake?"

"Inajua, Uncle. Lakini nisome kwanza nione kama..."

"Kusoma tulisoma sisi miaka minne. Wewe chapa. Jumapili baada ya ibada tunapitisha."

Nikaanza na ya Romano kwa kuwa ni fupi. Nikafika kifungu cha tisa, nikaondoa mikono kwenye mashine.

Kifungu hicho kilisema kwamba mtu yeyote anayefungua ibada, au anayelala ndani ya uwanja wa kanisa, lazima awe mzee wa kanisa. Na mzee wa kanisa lazima awe na cheti cha shule, kadi ya ubatizo na cheti cha ndoa. Tena, jambo lolote la mila lisifanyike ibadani.

Hapo hakuandikwa jina, lakini mtu aliyekosa vyote hivyo kwetu ni mmoja tu: Haboba Konga.

Haboba ndiyo bibi kwa Kiarabu cha Juba, na yeye ni bibi wa kila mtu. Vita vilipoanza tena mwaka 2016, sisi wengine tulikimbia Uganda. Yeye alibaki. Alikaa peke yake katika chumba cha mabati nyuma ya kanisa, akafukuza watu waliotaka mbao za paa, akazika waliokosa wa kuwazika. Yeye ndiye aliyemzika mama yangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimeshavuka mpaka na shangazi, nikasikia habari hiyo baada ya miezi saba.

Tuliporudi tulikuta kanisa limesimama na Haboba yumo. Kila Jumapili, kabla mchungaji hajafungua Biblia, yeye husimama mlangoni na kibuyu, humwaga maji kidogo kizingitini, na kwa Kibari, lugha ya wenyeji wa hapa, huwasalimu waliokuwa wa kwanza katika ardhi ile na wote waliolala humo. Huwataja kwa majina. Jina la mama yangu hulitaja katikati, baada ya fundi mmoja wa baiskeli.

Watu wa kambini, na Romano mbele yao, hawakulipenda jambo lile. Kule walikuwa wamefundishwa kwamba maji ya kizingitini ni ya shetani.

Basi nilijua Jumapili ina maana gani. Katiba ikipita, Haboba ataondolewa mlangoni na atatolewa chumbani. Ana zaidi ya miaka sabini, na ndugu wote wamekwisha. Na aliyetakiwa kuichapa karatasi hiyo ni mimi.

Nikaichapa. Nikaiambia kompyuta ibadilishe majina, ikabadilisha yote kwa mara moja. Kisha nikapitia. Kifungu cha nne kilisema mgogoro wa ardhi upelekwe kwa mwenyekiti wa LC1 wa Sherikat. LC1 ni serikali ya kijiji huko Uganda, hapa hakuna. Kifungu cha kumi na mbili kiliweka maombi ya taifa kila tarehe tisa mwezi wa kumi, siku ya uhuru wa South Sudan. Uganda ndiyo ilipata uhuru siku hiyo. Wa kwetu ni tarehe tisa mwezi wa saba, na hata mtoto wa chekechea anajua.

Niliyaona yote hayo. Nikakumbuka nilivyoambiwa. Nikayaacha.

Halafu nikafungua kurasa za Madam Kerubo, na kwa siku mbili nikawa Japani.

Ilikuwa nchi ya koo. Kila ukoo ulikuwa na mkubwa wake na mungu wake, na mkubwa wa koo zote ndiye mfalme. Hawakuwa na maandishi yao. Kuandika kulitoka China, kukapitia Korea, kukaletwa na wageni waliojua kufuma, kuyeyusha chuma na kutunza ghala. Halafu, yapata miaka elfu moja na mia tano iliyopita, mfalme mmoja wa Korea akawapelekea sanamu ya Buda yenye rangi ya dhahabu, pamoja na vitabu. Mfalme wa Japani akauliza wakubwa wake: Tuiabudu au tuiache? Ukoo wa Soga ukasema nchi zote za upande wetu wa magharibi zinaiabudu, kwa nini sisi tukatae? Ukoo wa Mononobe ukasema miungu ya ardhi hii itakasirika. Mfalme akawaambia Soga: Ichukueni ninyi, mjaribu.

Wakaijaribu nyumbani mwao. Ukaja ugonjwa, watu wakafa. Mononobe wakasema si tuliwaambia? Sanamu ikatupwa mtaroni na nyumba yake ikachomwa.

Kitu kilichonishika zaidi ni kwamba watu wa kwanza wa nchi ile kula kiapo cha dini mpya walikuwa wasichana watatu. Mkubwa wao, binti wa mhamiaji, alikuwa na miaka kama kumi na moja. Walivuliwa majoho sokoni wakachapwa viboko. Baadaye walivuka bahari kwenda Korea kusomea kanuni zenyewe, kisha wakarudi kufundisha. Madam aliwapa mistari mitano tu. Nilisoma mistari hiyo mpaka Levi akauliza kama mashine imekwama.

Mbele zaidi kulikuwa na vita vya koo hizo mbili, na Soga wakashinda. Kukawa na maagizo kumi na saba ya serikali, la kwanza likisema amani kati ya watu ndiyo ithaminiwe. Kukawa na vyeo vya kofia za rangi, hesabu ya watu, mji uliopangwa kwa mistari kama mji mkuu wa China. Mwisho ikaja sheria kubwa, iliyofuata ile ya China. Hapo Madam aliandika, kwa herufi kubwa na mstari chini: JAPANI ILINAKILI CHINA KATIKA KILA JAMBO.

Nikasimama hapo. Nikarudi ukurasa wa ishirini na tisa. Nikaenda tena mbele.

Ijumaa alipokuja kuchukua kazi, nilisema, "Madam, samahani. Kuna mahali sijaelewa."

"Mwandiko?"

"Hapana. Huku mwisho umesema walinakili kila jambo. Lakini ukurasa wa ishirini na tisa umesema juu ya serikali yao waliweka mabaraza mawili. Moja la kazi za nchi, kama China. La pili la mambo ya miungu ya kwao, na China haikuwa nalo. Sasa kama China haikuwa nalo, hilo walilinakili wapi?"

Kerubo alichukua kurasa, akavaa miwani, akaivua.

"Aki wewe," alisema taratibu. "Mwalimu wangu amenirudishia hii kazi mara mbili. Ameandika tu 'fikiria tena'. Nimefikiria mpaka kichwa kikauma, na jibu nimeliandika mwenyewe halafu nikalipita!"

"Na wale wasichana watatu," nikaongeza kwa kuwa alikuwa amelainika, "mistari mitano ni michache."

"Sasa umeanza kunisimamia." Akavuta kiti. "Haya, niambie wewe. Unadhani kwa nini waliweka hilo baraza?"

Nikafikiri. "Sheria ilitoka mbali. Haikuwajua waliokuwa pale kabla yake. Wakaogopa kuwaacha nje."

"Waliogopa, ama waliheshimu?"

"Madam, kwetu hayo mawili hayaachani sana."

Akacheka, kisha akauliza mbona macho yangu mekundu. Nikamweleza habari za kifungu cha tisa. Akasikiliza yote, halafu akasema, "Na hilo swali ulilonipa mimi, mbona hukumpa Romano?"

Nikazibana kurasa zake kwa pini, nikampa.

Jumapili Haboba alimwaga maji yake kama kawaida. Baada ya ibada tukabaki chini ya rakuba, kile kivuli cha matete mbele ya kanisa. Mikutano yetu huchanganya Kiarabu cha Juba, Kibari na Kiswahili cha Koboko, kule mpakani mwa Uganda. Hapa naandika yote kwa Kiswahili. Mchungaji alikaa katikati. Romano akasimama na karatasi zangu, akaanza kusoma na kutafsiri, sauti imenyooka.

Alipofika kwa LC1, mzee Tombe, dereva wa lori aliyestaafu na ambaye hakuwahi kwenda Uganda, alinyoosha mkono.

"LC1 ni nani? Ni mtoto wa nani hapa Sherikat?"

Watu wakacheka kidogo. Romano akaendelea. Akafika kifungu cha kumi na mbili, na kwa sababu alikuwa anasoma haraka ili apite, aliitamka tarehe yote kabla hajasikia anachosema.

"Mwezi wa kumi?" Tombe alisimama. "Mimi tarehe tisa mwezi wa saba nilicheza barabarani mpaka kiatu kikakatika. Nani amehamisha uhuru wangu? Ameupeleka wapi?"

Rakuba nzima ikapasuka. Akina mama waliegemeana. Romano aligeuka akanitazama, na sijawahi kuona mtu mzima ameumia hivyo.

"Ni huyu msichana wa mashine. Ameharibu kazi."

Kicheko kikakatika. Nikasimama.

"Nilifanya ulivyoniambia, Uncle. Nilitaka kusoma, ukanikataza. Lakini ni kweli, makosa niliyaona siku ileile nikanyamaza. Hapo nimekosa. Nisamehe."

"Uliona ukanyamaza?" Huyo alikuwa Haboba Konga, kutoka kwenye mkeka wake. "Biniya, msichana wangu, mtu akiona mwenzake anatembea na nguo imepasuka nyuma, anasubiri wafike sokoni?"

Nikajisikia vibaya kuliko vile Romano alivyonifanya. Mchungaji akasema, "Kama umeona tarehe, labda umeona na mengine. Sema."

"Kifungu cha tisa," nikasema.

Romano akainua mkono, na ninataka aliyosema yaandikwe sawasawa, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Mnajua kwa nini tuliandika hicho? Mwaka wa kwanza kambini alikuja mtu akajiita nabii. Hakuna karatasi, hakuna kanisa alikotoka. Tukampa mlango. Akatuibia mabati yote, na alimharibia maisha binti wa dada yangu. Baada ya hapo tukasema, bila cheti hakuna mtu kusimama mbele. Hiyo sheria si ya Waganda. Ni ya machozi yetu."

Hata Tombe aliinama.

"Sheria tuitake, Uncle," nikasema. "Mimi siikatai. Lakini wiki hii nimechapa habari za watu wa Japani ya zamani. Nao walileta dini kutoka Korea na sheria kutoka China. Hawakuwa wajinga, waliona kilicho kizuri wakakichukua. Kuandika, kuhesabu watu, mambo ya ofisi, vyote. Lakini sheria ya China haikuijua ardhi yao. Basi walipoiandika upya, waliongeza baraza moja ambalo China haikuwa nalo, la kuwaangalia waliokuwa pale tangu mwanzo. Mtu akiazima koti hupunguza mikono ya koti. Hapunguzi mikono yake."

"Hao Wajapani ni Wakristo?" Tombe aliuliza.

"Hapana, mzee. Si wengi."

"Basi tuwaige kwa nini?"

"Tusiwaige. Tufanye walichofanya."

"Na ni tofauti gani?"

"Tofauti ni kama ile tarehe yako. Kuiga kulituletea mwezi wa kumi, na wetu ni wa saba."

Wachache wakacheka, na Tombe mwenyewe akakaa akitikisa kichwa. Lakini Romano hakucheka. "Kwa hiyo unataka tuweke kamati ya mila kanisani," alisema. "Mizimu ipewe kiti."

Hapo Haboba akajiinua, mkono mmoja kwenye nguzo.

"Romano, mimi sijui Japani, na kamati sitaki. Nina swali moja tu. Hiyo karatasi ikipita, inasema mimi nilale wapi?"

Romano akaitazama karatasi. Akageuza ukurasa. Akageuza tena, na sisi sote tulikuwa tunamngoja, na nadhani mpaka dakika ile alikuwa anaona kifungu tu, hakumwona mtu ndani yake.

"Haijasema," alijibu.

"Isome tena."

"Haboba, haijasema."

Mchungaji alikohoa. Akasema katiba haitapita leo, na haitatupwa. Tutaisoma kifungu kwa kifungu, na kila kimoja kiulizwe: hiki kinatujua? Tulikaa mpaka saa tisa alasiri. Kanuni ya watu wawili kushika funguo ilipita kama ilivyokuja kutoka kambini. Hata Haboba, aliyekuwa akishika peke yake miaka yote, alinung'unika akakubali. Kanuni ya kumtaka mhubiri mgeni alete barua ya kanisa lake ilipita kwa makofi. Cha tisa kilikatwa kwa kalamu, na Romano ndiye aliyekikata. Kisha mchungaji akasema kipya kiandikwe na Romano na mimi, tena kabla ya Jumapili inayofuata.

Jumanne Romano alikuja dukani. Hakunipa flashi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaweka daftari magotini.

"Andika," alisema. "Konga atakaa katika uwanja wa kanisa..."

"Mpaka lini, Uncle?"

"Si mpaka atakapo... mpaka mwisho wa maisha yake. Weka hivyo."

"Na maji?"

Akajikuna kidevu. "Maji bado yananisumbua. Nakwambia ukweli. Lakini majina hayanisumbui. Nimekaa nikasikia Jumapili, kumbe anamtaja na mjomba wangu. Miaka yote sikuwahi kufika mapema nikasikia."

"Basi tuandike atawasalimu waliotangulia, mlangoni, kabla ya ibada. Maji tusiyataje. Tusiyaweke, tusiyakataze."

"Hiyo ni ujanja."

"Ni subira, Uncle."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Tulikuwa tunabishana kama iwe "mlangoni" au "karibu na mlango" wakati Haboba mwenyewe alipoingia, mwavuli mkononi, vumbi la Sherikat miguuni. Hakuwahi kufika dukani kabla ya siku hiyo. Levi akampisha kiti chake, akampa maji ya chupa, akamwita mama mara tatu.

"Nisomeeni," alisema.

Nikamsomea polepole kwa Kibari changu kibovu. Alisikiliza macho yamefungwa.

"Nzuri," alisema. "Sasa ongezeni yangu. Nikifa, msimlazimishe msichana yeyote kuchukua kazi hii. Mimi hakuna aliyeniuliza, nilibaki tu. Anayekuja aje kwa kutaka. Akitaka kwenda kusoma kwanza, mwacheni aende, atarudi. Asipotaka mtu, basi chagueni wenyewe mtafanya nini. Hiyo mtaijua ninyi."

Romano alinitazama, nami nikamtazama. Hilo hatukuwa tumeliwaza hata kidogo.

"Hiyo ni kifungu kipya kabisa," Romano alisema. "Cha kambini hakikuwepo."

"Ndiyo maana nimekuja kwa miguu," Haboba akajibu. "Andika, biniya, halafu unisomee tena."